Hoja ya ukaguzi bado si hukumu

Kila mwezi Aprili, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapofika bungeni, Arusha nzima inakuwa na mazungumzo mamoja, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ngarenaro hadi kwenye daladala za Usa River. Mwaka mmoja, mama anayeniuzia ndizi pale soko la Kilombero hakuniachia mkono baada ya kumpa shikamoo. "Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unafanya kazi na hao wakaguzi? Redio imesema ushuru tunaolipa haukupelekwa benki. Sasa mbona hakuna aliyefungwa?"

Wateja walikuwa wengi, nikamjibu juu juu tu na kuondoka. Jambo hilo limenikaa moyoni, kwa sababu swali lake ni la haki na lina jibu.

Mimi ni mwanasheria wa serikali ninayefanya kazi upande wa wakaguzi. Wenzetu wengi wa taaluma hii wananchi wanawafahamu: yule anayesimama mahakamani serikali inaposhtakiwa, au mwendesha mashtaka. Sisi hatuonekani. Tunakaa na timu ya ukaguzi, majalada yamejaa mezani, tukiuliza maswali mawili kwa kila aya ya rasimu: ni sheria gani imevunjwa, na ushahidi uko wapi? Mkaguzi ni mtaalamu wa hesabu, anaona fedha zimekwenda kusikoeleweka. Kazi yangu ni kuhakikisha anachokiandika hakitaporomoka siku kitakapoguswa na wakili wa upande wa pili.

Tuanze na neno lenyewe, hoja. Mkaguzi akikuta malipo ya shilingi milioni 40 yasiyo na viambatisho, anaandika hoja, yaani jambo linalotaka maelezo. Huenda nyaraka zimekaa kwenye kabati la idara nyingine. Huenda zimepotea, na uzembe huo nao una adhabu yake. Huenda kazi haikufanyika kabisa na fedha zimeliwa. Kwenye taarifa yote matatu yanaweza kuonekana kwa tarakimu ileile. Ndiyo maana Afisa Masuuli, yule anayewajibika kwa fedha za taasisi, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, hupewa nafasi ya kujibu kabla taarifa haijakamilika. Hapo hakuna upendeleo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inataka mtu asikilizwe kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na mimi nimekuwa mkali sana kwa timu zangu kuhusu hili. Hoja iliyoandikwa bila kumsikiliza mhusika ni zawadi kwa mwizi, maana ataitumia kujinasua.

Sisemi haya kuwatetea wanaokula fedha za umma. Nasema kwa sababu nimeona kesi ikifa.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo, katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Wakaguzi walikuta mkusanya ushuru mmoja amekusanya fedha nyingi kwa mashine ya POS, ile ya mkononi inayotoa risiti za ushuru, kuliko alizopeleka benki. Tofauti ilionekana wazi kabisa: mfumo wa mapato unasema hiki, stakabadhi za benki zinasema kile. Wote tuliamini kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Shauri lilipofika mahakamani, wakili wa mshtakiwa hakugusa hesabu hata kidogo. Aliuliza nani alichapisha zile karatasi kutoka kwenye mfumo, na kwa kompyuta ipi. Aliuliza mashine ile ilikabidhiwa kwa nani na kitabu cha makabidhiano kiko wapi. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyejua namba ya siri ya mteja wake. Kitabu hakikuwepo. Aliyechapisha alikuwa amehamishwa, na hakuna kiapo alichoacha. Mashine moja ilikuwa ikitumiwa na wakusanyaji watatu kwa zamu. Mshtakiwa akaachiwa, na kwa ushahidi ule hakimu hakuwa na njia nyingine.

Tangu siku ile, timu ikienda kukagua mapato, mimi naomba vitu ambavyo mhasibu anaweza kuviona vidogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inaitaka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeiingiza anavyotambulika. Kwa lugha ya sokoni: haitoshi kuwa na karatasi, lazima ujulikane mkono ulioishika tangu mwanzo. Basi nataka daftari la makabidhiano ya mashine, jina la aliyechapisha, tarehe na saa, na maelezo yake ya maandishi yachukuliwe akiwa bado yupo kituoni. Mkaguzi mmoja kijana aliwahi kuniambia namchelewesha. Nilimwambia ukweli kwamba siku tatu za kuchelewa leo ni afadhali kuliko miaka mitatu ya kesi isiyo na mwisho mwema.

Sasa turudi kwa swali la mama. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hakamati mtu wala hamshtaki. Ibara ya 143 ya Katiba inampa kazi ya kukagua angalau mara moja kila mwaka na kutoa taarifa, na inamlinda: katika kazi hiyo halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote wala idara yoyote ya serikali, ingawa mahakama inabaki na uwezo wa kuchunguza kama amefuata sheria. Akiona dalili za udanganyifu au rushwa, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi, na Mkurugenzi wa Mashtaka naye apate taarifa. Kwa rushwa, chombo hicho ni TAKUKURU. Uchunguzi huo unaanza na mizani nzito zaidi, kwa kuwa mkaguzi anahitaji ushahidi wa kutosha kuunga mkono hoja yake, ilhali mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Kati ya mizani hizo mbili ndipo muda mwingi unapopotea, na ndipo mwanasheria aliyekaa na wakaguzi tangu mwanzo anapoweza kuufupisha.

Upande wa pili wa meza naye yupo mwanasheria wa serikali, yule wa halmashauri. Arusha si mji mkubwa kihivyo, huenda tulisoma darasa moja. Wananchi wengine wakituona tunasalimiana kwa bashasha wanadhani tunapanga. Yeye anamshauri mkurugenzi wake namna ya kujibu, mimi naishauri timu ya ukaguzi kama jibu hilo linatosha, na siwezi kumshauri mkurugenzi kuhusu hoja ambayo nimeshiriki kuiandika. Mwanasheria mzuri wa halmashauri ndiye anayenipunguzia kazi kuliko mtu yeyote, maana hazuii hoja kwa maneno, anazuia kosa kabla halijatokea. Mfano ni riba. Mkandarasi amemaliza kazi, cheti cha malipo kimeidhinishwa, fedha zinakaa miezi. Mkataba una kifungu cha riba. Deni linavimba, na mwisho mkandarasi anatoa ile notisi ya siku 90 inayotakiwa kabla ya kuishtaki serikali, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2020 inahusu pia halmashauri. Mwanasheria anayesoma mikataba yake angepiga kelele mapema. Asiyesoma tunakutana naye kwenye hoja ya ukaguzi, na fedha za madarasa mawili ya shule zimeshageuka riba.

Kuna jambo linalowachanganya hata waandishi wa habari. Halmashauri inapata hati inayoridhisha ya mkaguzi, ile inayoitwa hati safi, madiwani wanashangilia, kisha taarifa ileile inaonyesha mamilioni yaliyotumika kinyume cha taratibu. Hakuna mgongano hapo. Hati inazungumzia kama hesabu zilizofungwa tarehe 30 Juni zimeandaliwa ipasavyo na zinaonyesha hali halisi. Hesabu zinaweza kuonyesha kwa usahihi kabisa kwamba fedha zimetumika vibaya. Kwa hiyo ukisikia hati safi, uliza hoja ni zipi.

 

Kwa halmashauri zetu, mwananchi hahitaji kusubiri Bunge. Baada ya taarifa kutoka, baraza la madiwani hukaa kikao maalum kujadili hoja za Mkaguzi Mkuu, moja baada ya nyingine, na majibu ya menejimenti. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Diwani wako anakuwa na kitabu chenye hoja zote, pamoja na zile za miaka iliyopita ambazo hazijafungwa. Hizo za nyuma ndizo ningeanza nazo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa mama wa ndizi na kumweleza hayo, safari hii bila haraka. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipanga mikungu. Kisha akaniuliza kikao kinaanza saa ngapi, ili amwombe jirani amwangalizie meza.