Gego la mwisho si lazima ling'olewe

Jamani hapa Tanga kila kijana akianza kuumwa nyuma ya taya anaambiwa hilo gego la mwisho hilo, kang'oe yote manne yaishe, na wengine wanaenda kweli hata kama mawili ya juu hayana shida yoyote. Sio hivyo ndugu zangu. Magego haya huota kwa wengi kati ya miaka 17 na 25, wengine hawana kabisa, na likitoka limenyooka, halina tundu na mswaki unalifikia, linabaki tu.

Shida inakuja likikosa nafasi likatoka nusu. Fizi inabaki imelifunika kama kifuniko, pale chini ndo maganda ya mbaazi yanajificha, mswaki haufiki, fizi inavimba na kunuka na kuuma unapofunga mdomo. Mara ya kwanza mara nyingi linasafishwa tu na unasukutua maji ya chumvi, ila ikirudi rudi, au limetoboka, au limelala linaharibu jino la jirani, au eksirei imeonyesha uvimbe ndani ya taya, hapo kung'oa kuna maana. Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wao unasema lisilo na ugonjwa lisitolewe, maana la chini liko karibu na mshipa wa fahamu, ukiguswa mdomo unaweza kufa ganzi.

Ila mdomo ukigoma kufunguka, una homa, au kumeza mate ni tabu, usisubiri kesho, nenda hospitali ya mkoa ya Bombo leo leo.