Mmomonyoko wa meno ya mtoto, na kazi ya mate

Mtu akikaa mbele yako akamenya embe bichi, akachovya kipande kwenye chumvi na pilipili, mate yatakujaa kinywani hata kabla hujaonjeshwa. Sisi tunaita uchu. Kwa kinywa ni matayarisho: asidi inakuja, na maji ya kuizimua yanatangulia. Mtu mzima ana akiba ya kutosha ya maji hayo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hesabu yake ni nyingine.

Neno mmomonyoko tumelizoea kwenye udongo, mvua inapobeba tabaka la juu la shamba. Kwenye jino maana yake ni hiyohiyo: tabaka la juu linayeyuka kidogo kidogo na kuondoka, kwa sababu ya asidi inayoligusa moja kwa moja kutoka kwenye kinywaji, tunda, au tumboni. Wengi wanauchanganya na kuoza. Jino linapooza, bakteria wamekula sukari iliyobaki kinywani wakatoa asidi yao, ikachimba shimo mahali pamoja. Mmomonyoko hauwahitaji bakteria, wala sukari. Maji ya ndimu yasiyo na hata chembe ya sukari yanamomonyoa. Ndiyo maana mzazi aliyefukuza pipi nyumbani kwake anaweza kushangaa meno ya mbele ya mwanawe yakizidi kuwa mafupi. Juisi ya ukwaju iliyokolea sukari, nayo, inafanya kazi zote mbili kwa mpigo.

Kwa nini jino liyeyuke? Enameli, yaani lile gamba gumu jeupe la nje, limejengwa hasa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti. Chukua glasi ya maji, tia chumvi, koroga, ongeza mpaka chumvi igome kuyeyuka. Maji yameshiba. Mate ya mtu mwenye afya yako hivyo kwa madini ya jino: yameshiba kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo jino limo ndani yake miaka na miaka bila kuyeyuka. Asidi ikiingia, kiwango cha shibe kinapanda: mate yaleyale sasa yana njaa ya madini, na yanayachukua kwenye jino. Kipimo cha uchachu huitwa pH: maji safi yana pH 7, na kila namba inaposhuka kwa moja asidi imezidi mara 10. Ndani ya mate, enameli huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Juisi ya machungwa iko kwenye 3.5 au 4, soda za kola karibu na 2.5, ndimu chini zaidi.

Hapo mate yanafanya mambo kadhaa kwa pamoja. Yanaiosha asidi na kuimeza. Yanaivunja nguvu kwa baikaboneti, ambayo ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Protini zake hutandaza utando mwembamba juu ya jino, usioonekana kwa macho, unaochelewesha asidi kufika. Na asidi ikishapita, kalsiamu na fosfeti za mate hurudi kukaza sehemu iliyolainika. Ila mate hukarabati kilicholainika tu. Tabaka likishaondoka halioti tena, kwa kuwa enameli haina chembe hai za kujijenga upya.

Kutokana na habari hiyo ya shibe linakuja jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote. Maziwa ya mgando ni machachu, pH yake inakaribia 4, sawa na juisi nyingi za matunda. Lakini hayamomonyoi meno. Yamejaa kalsiamu na fosfeti yenyewe, kwa hiyo hayana njaa ya madini ya jino. Uchachu peke yake, basi, hautoshi kukuambia kitu ni hatari.

Sasa turudi kwa mtoto. Meno ya utoto yako 20, na enameli yake ni nyembamba, takriban nusu ya ile ya meno ya ukubwani, tena ni laini zaidi. Asidi haina safari ndefu kufika kwenye dentini, tabaka la ndani lenye rangi ya manjano. Mate nayo ni machache: mtoto wa miaka mitano huzalisha kama nusu lita kwa siku nzima, na usingizini yanakaribia kukauka kabisa. (Udenda wa mtoto wa miezi minne usikudanganye, hajajua kumeza vizuri, na hana meno ya mbele ya kuuzuia.) Anayelala mdomo wazi kwa sababu ya mafua au nyama za puani hukauka zaidi. Homa na kuhara hupunguza mate, na baadhi ya dawa za mzio pia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni muda, kabla ya kiasi. Glasi ya juisi ikinywewa pamoja na chakula ikaisha, mate yanahitaji dakika kadhaa kurudisha hali. Juisi hiyohiyo ikitiwa kwenye chupa ya kunyonyea, mtoto akatembea nayo akifyonza kidogo kidogo tangu asubuhi, mate hayapati nafasi. Akilala nayo mdomoni ni vibaya zaidi. Ubuyu wa rangi nao una tabia hiyo: asidi ya limau iliyomo kiasili kwenye unga wa mbuyu, sukari juu yake, na mtoto anamumunya punje moja baada ya nyingine mchana kutwa. Barafu za ukwaju kwenye vifuko vya plastiki ni hivyohivyo. Sisemi zipigwe marufuku; mimi mwenyewe nimekulia humo. Ziliwe, ziishe, anywe maji.

Mmomonyoko hauumi mwanzoni, ndiyo sababu hupita bila kuonekana. Tafuta jino linalong'aa kupita kawaida, laini kama limepigwa msasa, ncha za meno ya mbele zikiwa nyembamba, na magego yenye vijishimo vya mviringo juu ya vilele vyake, vya manjano katikati. Doa jeusi lenye tundu huelekea zaidi kwenye kuoza. Kama meno ya juu yameliwa upande wa ndani, unaotazama ulimi, daktari wa meno atauliza habari za tumbo, maana asidi ya tumboni ina pH 1 hadi 2 na hupitia huko inapopanda. Kucheua kwa mtoto mchanga ni kawaida na wengi huacha wakifikisha mwaka mmoja. Anayeendelea kutapika au kulalamika kiungulia akiwa na meno kamili aonwe na daktari.

Na akishatapika usiku, mkono wa mzazi hukimbilia mswaki. Muda huo enameli imelainika, na mswaki unaikwangua. Asukutue kwa maji, au anywe mafunda mawili kama bado hajui kutema, kisha mswaki usubiri karibu saa nzima.