Kuandika kode ni nini, na mutu mwenye hajui kitu anaanzia wapi

Kuandika kode ni kuandikia mashini kazi, hatua moja nyuma ya ingine, kwa luga yenye inasikia. Basi, maana yote njo ile. Lakini hapa kwetu Bukavu watu wanaogopaka sana hii kitu, wanafikiri ni ya wale walisomaka hesabu ya juu, ama ya mwenye iko na ordinateri ya bei, ama ya mwenye anasikia Kiingereza, na mi napenda badogo wajue kwamba kati ya hizo tatu hakuna hata moja yenye inaweza kukukataza kuanza leo jioni.

Angalia. Mutoto ukimutuma ku ligablo, unamuambia tu "kamata sukari", anajua peke yake ni nusu kilo juu njo mnakamataka kila siku, anajua kama sukari imeisha atapita kwa mama wa ngambo, anajua kurudisha franga yenye imebakia. Mashini haijue kitu. Usipoiambia ifanye nini kama sukari haiko, itasimama pale, ama itakuletea kitu ingine kabisa na itaona imemaliza kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuandika kode ni kuzoea kufikiri mpaka mwisho: kama iko hivi fanya hivi, kama haiko fanya vile, rudilia mpaka itimie. Ile orodha ya hatua njo inaitwaka algoritimu, na unaweza kuiandika ku kaye na kalamu, kwa Kiswahili yako ya nyumbani, hata usiku yenye umeme haiko. Ukiisha kuipanga vizuri, unaigeuza sasa ku luga ya mashini, na yenye inatoka pale njo programu.

Luga za mashini ziko mingi sana na watu wanapoteza miezi kuuliza ipi njo muzuri. Mi nasema anza na Python, usigeuke. Ilitengenezwa na Guido van Rossum, mutu wa Uholanzi, akaitoa mwaka 1991, na ni ya bure. Maneno yake yenyewe, yale yenye huwezi kubadilisha, ni 35 tu, kama if, else, while, for. Kwa hiyo ile woga ya Kiingereza iache, juu mingine yote unaweza kuita kwa majina yako: bei, dola, deni, mama_wa_sambaza, Python haina shida na ile. Tena mafundisho yake ya kwanza imekwisha kutafsiriwa mu Kifaransa ku site yake yenyewe, na unaweza kuitelesharje mara moja ukaisoma bila mega. Kama ni mutoto wa miaka 8 ama 9 hivi, yeye mupe Scratch, ilitoka ku université ya MIT kule Marekani mu 2007, pale hauandike, unapanga vipande vya rangi, na iko na Kiswahili ndani.

Vyombo sasa. Kama uko na telefoni ya Android tu, weka Pydroid 3, ukiisha kuiweka inaandika na kutumikisha Python bila intaneti. Kama kuna ordinateri, hata ya zamani, hata ya kaka yenye unatumiaka saa moja jioni, weka Thonny, ilitoka ku université ya Tartu kule Estonia, waliifanya juu ya wenye kuanza, na Python inakuja ndani yake kabisa, kwa hiyo mutu moja mwenye koneksio ya muzuri anaweza kuitelesharje, anaiweka mu kle, na kila mutu wa avenue anaiweka kwake bila kulipa forfe. Kuandika mu telefoni inachosha macho na vidole, hiyo ni kweli, lakini hatua za kwanza zote zinawezekana pale.

Halafu usianze na "nitafanya aplikasio kama WhatsApp". Anza na kitu yenye unaona kila siku ku barabara. Mi napendaka ile ya kambisti, mwenye anakaa na bunda za franga mu kameza kadogo. Mutu anakuja na dola, anauliza bei ya leo, anapewa franga. Tuseme dola 20, na dola moja ni 2800. Unaandika mistari tatu (input inauliza mutu, alama * ni kuzidisha, print inaonyesha jibu):

dola = input("Dola ngapi? ")
bei = input("Bei ya leo? ")
print(dola * bei)

Ukitumikisha, inakuuliza vizuri, unajibu, na pale pale inatoa mesaji ndefu yenye mu mwisho imeandikwa TypeError. Wengi wanaachiaka hapa. Usiachie, juu hapa njo masomo yenyewe inaanza. Kila kitu yenye mutu anaandika ku klavye, Python inaipokea kama maandishi, haiko namba. Kwake ile 20 ni alama mbili zenye zinafuatana, kama vile ungeandika "ab", na maandishi mbili haiwezi kuzizidisha. Jaribu kuweka alama ya kujumlisha pahali pa kuzidisha, utaona inakupa 202800, imezifunga tu pamoja. Lazima umuambie wazi: hii uichukue kama namba. Unaandika dola = int(input("Dola ngapi? ")), na bei vilevile, na inakupa 56000. Ile mesaji ya makosa iko inakuonyesha pia mustari gani iko na shida, kwa hiyo usome kuanzia chini kupanda juu, jina ya kosa kwanza, halafu namba ya mustari.

Sasa ngoja, kuna kitu ya hatari zaidi, na hiyo inatuhusu sisi wenye tulisoma mu Kifaransa. Sisi tunaandikaka elfu mbili na mia nane na nukta katikati, 2.800, na nusu tunaiandika na virgile, 2,5. Python inafanya kinyume: nukta kwake njo inatenganisha namba nzima na vipande. Kama umeweka int na mutu akaandika 2.800, inakataa, inakulalamikia, muzuri. Lakini siku moja mutu atakuja na dola 12 na nusu, utabadilisha int kuwa float ili ipokee vipande, na kuanzia pale mutu akiandika 2.800 programu itasoma mbili na vipande nane, na kwa dola 20 itamuambia apewe franga 56. Bila mesaji yoyote, bila kulalamika. Kambisti mwenye kuangalia atacheka, lakini fikiri ingekuwa ni dawa ku hopitali ama mishahara ya watu. Kosa yenye inapiga kelele haina shida, yenye inanyamaza njo inaumiza watu, na kujifunza kuandika kode kwa kweli ni kujifunza kuitafuta hii ya pili mbele haijafika kwa mutu.

Juu ya hiyo kila mustari uandike na vidole vyako, usikopi. Na ChatGPT na wenzake ukiwa nao, waombe wakuelezee kosa, wasikuandikie kazi, angalau miezi ya kwanza, juu ukipewa programu nzima hautajua pahali ile 2.800 imejificha. Kama kuna formasio pale karibu na kwenu na wanaomba dola, uliza kwanza: nitaandika nini kwa mikono yangu wiki ya kwanza? Kama jibu ni kuangalia tu ekrani ya mwalimu, weka franga zako mu likelemba kwanza.

Badogo wenye wameanza wananiulizaka nifanye nini kesho. Kesho fanya hii: ile programu ya kambisti, na float ndani, iongezee if moja yenye inaangalia bei, na kama iko chini ya 100 iseme "Angalia bei, usiweke nukta" na isihesabu. Ikikubali, funga yote ndani ya while ili iulize tena mpaka bei ikuwe ya sawa. Halafu mupe mutu wa nyumbani mwenye hajui kode ajaribu, aandike 2800, aandike 2.800, aandike 2,800, aache nafasi katikati, abonyeze tu bila kuandika kitu, na wewe uandike ku kaye kila yenye imeangusha programu yako, juu njo hiyo utatengeneza kesho kutwa.