Kwa nini vekta zina njia mbili za kuzidishwa

Mwanafunzi akianza vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, hufundishwa kuzidisha kwa njia mbili: moja humpa namba tupu, nyingine humpa vekta nyingine. Huuliza kwa nini ziwe mbili, na swali hilo ni zuri kuliko tunavyolichukulia sisi walimu. Jibu lake linaanzia Dublin, Ireland.

Tarehe 16 Oktoba 1843, mwanahisabati William Rowan Hamilton alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji. Kwa miaka mingi alikuwa amehangaika kuzidisha namba zenye sehemu tatu, bila mafanikio. Siku hiyo ikamjia kwamba zinatakiwa sehemu nne. Akachomoa kisu, akachonga kwenye jiwe la daraja: i² = j² = k² = ijk = −1. Namba hizo akaziita kwaternioni. Sehemu moja, namba tupu, aliipa jina la skala; tatu zilizobaki, zenye i, j na k, vekta.

Tazama kinachotokea. i mara i ni −1, namba tupu. i mara j ni k, yaani vekta. Ukizidisha vekta mbili kwa kanuni ya Hamilton, kwa kawaida jibu huja na vipande vyote viwili vimeshikana. Hata alama yake ya kupima mabadiliko, ile tunayoiandika leo ∇, ikitumika juu ya vekta hutoa viwili: jinsi uga (vekta zilizoenea mahali pote, kama za umeme au sumaku) unavyotawanyika kutoka mahali fulani, na jinsi unavyozunguka.

Mwaka 1844 Hermann Grassmann, mwalimu wa shule mjini Stettin, alichapisha nadharia pana zaidi, isiyofungwa na pande tatu. Karibu hakuna aliyeisoma. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa.

James Clerk Maxwell alipotumia kwaternioni katika kitabu chake cha umeme na sumaku cha 1873, wasomaji wake wawili, kila mmoja kivyake, waliona mzigo umezidi. Josiah Willard Gibbs alikuwa Yale, Marekani. Oliver Heaviside wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa zamani wa telegrafu aliyejisomea mwenyewe. Wote wakavitenganisha vile vipande viwili, kila kimoja kikawa zao linalojitegemea. Kwa lugha hiyo mpya Heaviside akaifupisha milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku hadi minne.

Peter Guthrie Tait, mtetezi wa Hamilton, hakukubali, na mabishano yakaendelea katika jarida la Nature. Mwaka 1901 Edwin Bidwell Wilson alikusanya mafundisho ya Gibbs kuwa kitabu cha kiada, na alama za mazao hayo mawili, nukta kwa lile linalotoa namba na msalaba kwa lile linalotoa vekta, zikaenea madarasani.