Pembetatu Bapa, Uso Laini

Shavu la mhusika wa katuni ya kompyuta huonekana kama limefinyangwa kwa udongo. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, mara nyingi kuna wavu wa pembetatu tu, na kila pembetatu ni bapa kabisa. Pembetatu hupendwa kwa sababu vipeo vitatu, yaani ncha zake, daima hulala kwenye bapa moja; vinne huweza kupindana, uso ukakosa kujulikana umepita wapi.

Wanafunzi wengi hudhani ulaini huja kwa kuongeza pembetatu. Lakini ukikata pembetatu bapa vipande elfu bila kuvisogeza, umbo halibadiliki hata kidogo. Mwaka 1971 mwanasayansi wa kompyuta Henri Gouraud alionyesha jinsi ya kusambaza mwanga taratibu kutoka kipeo hadi kipeo. Jicho hudanganyika, ila ukingo wa nje wa umbo hubaki na pembe zake.

Ili kulainisha umbo lenyewe, njia niipendayo ni ile ya Charles Loop, aliyoieleza mwaka 1987 katika tasnifu yake ya uzamili, Chuo Kikuu cha Utah. Kila ukingo, yaani upande wa pembetatu, hupata kipeo kipya, na kila pembetatu huzaa nne. Kipeo kipya huvutwa na ncha mbili za ukingo wake, 3/8 kila moja, na vipeo viwili vinavyoukabili ukingo huo, 1/8 kila kimoja. Vipeo vya zamani navyo husogea: chenye majirani sita, yaani vipeo sita vilivyounganishwa nacho kwa kingo, hubaki na uzito wa 5/8, na kila jirani huchangia 1/16. Rudia mara nne, na pembetatu 20 zinakuwa 5,120. Ulaini wote umo katika kuvutana huko kwa majirani. Msanii hushika vipeo vichache vya wavu wa mwanzo tu. Akisogeza kimoja, eneo lote la jirani hufuata.

Kuna kikwazo kisichokwepeka. Kwa umbo lililofungwa kama mpira, kanuni ya Euler inasema idadi ya vipeo, ukitoa ya kingo, ukijumlisha ya nyuso (hapa pembetatu), ni 2. Kila kipeo kikiwa na majirani sita, jibu huwa 0, ambalo ni la umbo lenye tundu kama pete. Kwa hiyo lazima viwepo vipeo vyenye majirani watano, au wachache zaidi. Hapo uelekeo wa uso hauruki, lakini mpindo wake huweza kuvurugika, na kwenye bodi ya gari inayong'aa mwakisi wa taa huyumba. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wavipeleke vipeo hivyo mahali pasipong'aa, kama nyuma ya sikio la mhusika.