H-indeksi ni nini? (Ile 41 sio maksi)

Juzi barazani Ngamiani tunakunywa kahawa, dogo mmoja akatoa simu anatuonyesha profaili ya profesa mmoja wa mambo ya hali ya hewa, pepa 160 (yaani makala za utafiti, sio mitihani), saitesheni 7,000 na ushee, h-indeksi 41. Ami yangu akaitazama weee, akasema "arubaini na moja? Si kafeli huyo." Tukacheka, ila ukweli pale barazani hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, basi nami nikajitia ualimu.

Saitesheni ni kutajwa tu. Mwanasayansi akiandika pepa lazima aseme hoja na data kazitoa kwa nani, na kila pepa anayoitaja, mwenye nayo anahesabiwa moja. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyezipanga hizi hesabu kwenye faharasa kubwa ya sayansi, ilitoka 1964, siku hizi Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta pepa, inajihesabia yenyewe na bure. H-indeksi, namba moja ya kupima pepa za mtu zinavyotajwa, ni ya juzijuzi, 2005, kaileta Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California pale San Diego.

Sasa hesabu. Ami ni mvuvi, anashushia pale Deep Sea, nikamwambia chukua safari zako saba uzipange kuanzia yenye kilo nyingi: 60, 9, 7, 5, 5, 2, 1. Shuka nazo huku unahesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano ina kilo 5 bado inatosha, ya sita ina kilo 2, haifiki sita, simama hapo. H yako ni 5, una safari 5 ambazo kila moja ina kilo 5 kwenda juu. Weka pepa mahali pa safari na kutajwa mahali pa kilo, umemaliza. Yule profesa ana pepa 41 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 41, zile nyingine 119 hazijamsaidia kupanda.

Ami akauliza, na ile ya kilo 60 ingekuwa 600 je? Inabaki 5 ileile! Hapo ndo penye uzuri na ubovu wake. Mtu hawezi kutamba kwa bahati ya siku moja, sawa, lakini na aliyefanya kazi moja kubwa sana naye anaminywa. Kuna pepa ya Saji na wenzake ya 1999 kwenye jarida la Nature, inaeleza jinsi maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia vuli huku kwetu inakuwa mafuriko (mliokuwepo 1997 mnaikumbuka ile mvua), imetajwa maelfu ya mara, ila kwenye h ya kila mmoja wao haiwezi kuongeza zaidi ya moja.

Halafu kutajwa sio kusifiwa. Unaweza kutajwa sababu watu wanakupinga, au sababu data yako ndo inayotumika na kila mtu, kama ile pepa ya Kalnay na wenzake ya 1996 iliyokusanya hali ya hewa ya dunia nzima ya miaka 40, ukiigusa data yake unaitaja, hata kama pepa yenyewe hujaisoma (wapo wengi hao).

Na kuna wanaochelewa. Edward Lorenz kaandika 1963 kwamba tofauti ndogo kabisa mwanzoni inaweza kuharibu utabiri wote wa mbele, miaka kama kumi ya mwanzo ikatajwa kidogo tu tena na wenzake wa hali ya hewa, wanahisabati walipokuja kuistukia ndo ikalipuka. Ungempima kwa pepa hiyo 1968 ungesema huyu wa kawaida.

Kingine, h haishuki. Mzee wa miaka thelathini kazini mara nyingi atamzidi kijana, na hata akifa inaweza kuendelea kupanda, kwa hiyo kumlinganisha profesa na binti aliyemaliza masomo mwaka juzi ni kumuonea tu.

Ami akamaliza kahawa, akaniuliza sasa huyu wa 41 anajua kesho kaskazi itavuma vipi? Nikamwambia hiyo haimo kwenye namba. Akasema haya, kisha akaanza kuhesabu vidole safari zake za wiki ile, akatoka na tatu.