Je, wajua kwa nini kidonda huvimba kabla ya kufunga?

Nilipoanguka na baiskeli utotoni, kila asubuhi nilikuwa nalibonyeza goti kuona kama limepoa. Niliamini kwamba kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kupona hakujaanza. Uvimbe ni adui, na mwili unangoja uondoke ndipo ushone ngozi. Imani hiyo nilikaa nayo hadi ukubwani, tena nikiwafundisha wengine kwa kujiamini kabisa.

Kumbe ile kengele ya uvimbe ndiyo inayoagiza vifaa vya ukarabati. (Usaha, homa au wekundu unaozidi kusambaa ni habari nyingine, nenda hospitali.)

Seli za ngozi ya juu huhifadhi intaleukini-1, protini inayopiga kengele hiyo ya uvimbe. Zikichanika, inamwagika na kuzifikia fibroblasti, seli za tishu unganishi zilizo chini, ambazo zina kipokezi chake. Kipokezi kikiinasa, fibroblasti huanza kutengeneza KGF, kichocheo cha ukuaji kilichotambuliwa mwaka 1989. Ajabu ni kwamba fibroblasti yenyewe haina kipokezi cha KGF. Inapika isichokula. Walaji ni seli za ngozi, ambazo nazo hazijui kukipika.

Fikiria fundi mwashi aliye juu ya ukuta. Hachanganyi udongo, anapaza sauti tu, "Udongo!" Chini, saidia fundi anasikia, anashika koleo, anapandisha karai. Yeye hajengi hata tofali moja, lakini akiwa kiziwi, ukuta haupandi. Kipokezi cha intaleukini-1 ndilo sikio lake. Na kichwani mwake mna protini mbili zinazovutana: c-Jun inasema changanya, JunB inasema taratibu.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 liliotesha seli za ngozi ya binadamu juu ya fibroblasti za panya. Fibroblasti zilipokosa c-Jun, ngozi ilitoka nyembamba, mpaka zilipoongezwa KGF na mwenzake GM-CSF, kichocheo kingine cha ukuaji. Zilipokosa JunB, ngozi ikanenepa kupita kiasi.

Lakini hiyo ni maabara. Mwaka 1996 panya walioondolewa jeni ya KGF walikatwa ngozi, na vidonda vyao vikapona vizuri tu; kilichoharibika ni manyoya, yakawa yamevurugika. Anayeshukiwa kushika nafasi ya KGF pale ni FGF10, ndugu wa KGF anayetumia kipokezi kilekile. Anashukiwa tu.